Kolekteri ya moshi kwa Land Cruiser ya zamani: mwenye gari achague nini?

Katika garaje za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia kuko bado Land Cruiser za zamani, zile za uso mfupi na taa mbili za mviringo, ambazo wakaaji wengi wanaziita tu "jeep". Nyingi zinakunywa mazuti. Lakini kuko pia zile za esanse, zenye moteri ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na ni kwa hizo swali hili linarudi kila mara. Moteri imechoka, mwenye gari ameifanyia revizio: silinda zimechongwa upya, pistoni za saizi ya juu zimeingia, kulasi imesawazishwa kwa mashine, karburateri ingine imefungwa. Halafu fundi anamwambia: sasa mzee, tutoe hii kolekteri ya fonti, tuweke ya mabomba, na gari itaruka.

Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa njia ya kupoteza pesa, na gari ikaanza kuchoka kwenye mlima kuliko mbele. Yote inategemea bomba la saizi gani limechaguliwa, na moteri yenyewe imeongezwa nguvu kwa kiasi gani.

Kwanza gari yenyewe. Mfululizo huu, ambao Toyota iliuita 40, ulitengenezwa Japani kuanzia 1960 mpaka 1984. Ukisoma kwenye kibandiko cha chuma, herufi FJ zinaonyesha esanse. BJ na HJ ni mazuti, na maelezo ya hapa chini hayawahusu hao. Moteri ya esanse ya kwanza inaitwa F, yenye ujazo wa cm³ 3.878. Kuanzia 1975 ikaja 2F ya cm³ 4.230, na hii ndiyo itatumika hapa kama mfano. Si moteri ya mbio. Nguvu yake ya kuvuta inafika juu karibu na mizunguko 1.800 kwa dakika, na kwenye 3.600 hivi imeshatoa yote iliyo nayo. Hizo namba mbili zinafaa kukumbukwa, kwa sababu ndizo zitaamua karibu kila kitu.

Kolekteri ni kile chuma kinachofungwa ubavuni mwa kulasi. Inapokea moshi kutoka kila silinda na kuupeleka kwenye bomba moja linaloshuka chini mpaka kwenye silansie. Ile ya asili imemiminwa kwa fonti. Ni nzito, inadumu, na inanyamaza; lakini njia zake za ndani ni fupi, na moshi wa silinda moja unakutana na wa jirani haraka sana. Kolekteri ya mabomba inafanya kinyume: moshi unapata mabomba marefu ya kwake, unasafiri kwanza peke yake, na mabomba yanaungana mbali na kulasi.

Faida iko wapi? Moshi hautoki kama maji ya mfereji, unatoka kwa mapigo. Valvu ikifunguka, gesi ambayo ingali na shinikizo inaruka nje kama kofi. Nyuma ya lile pigo kunabaki nafasi yenye shinikizo dogo, na nafasi hiyo inavuta mabaki ya moshi yaliyobaki ndani ya silinda. Silinda iliyosafishwa vizuri inapokea hewa mpya nyingi zaidi. Lakini kama pigo la jirani linafika wakati huo huo mlangoni, linasukuma moshi kurudi ndani, na kazi inaharibika.

Ndiyo maana mpangilio wa mabomba una maana kuliko urembo wake. Katika moteri hii silinda zinawaka kwa zamu ya 1-5-3-6-2-4. Tazama vizuri: moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ya mbele, moja ya nyuma, mpaka mwisho. Silinda 1, 2 na 3 zikiunganishwa pamoja, na 4, 5 na 6 pamoja, kila kundi linapata mapigo yaliyoachana sawasawa, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Kisha makundi mawili yanaungana chini kuwa bomba moja. Hiyo ndiyo kolekteri ambayo mafundi wanaandika 6-2-1, na kwa gari ya kazi ni chaguo zuri kuliko ile inayokusanya mabomba yote sita mahali pamoja mara moja.

Sasa saizi, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Mtu anaona bomba nene anafikiri ni nguvu nyingi. Hesabu ndogo inaonyesha vingine.

Silinda moja ya 2F ni cm³ 705. Moshi huo unatolewa katika nusu mzunguko. Kwenye mizunguko 1.800, nusu mzunguko inachukua sekunde 0,0167. Bomba la nje mm 38, lenye ukuta wa mm 2, linabaki na mm 34 ndani, yaani nafasi ya cm² 9 hivi. Gawanya, na utapata mwendo wa karibu metri 47 kwa sekunde. Chukua sasa bomba la nje mm 45, ambalo ndani ni mm 41: mwendo unaanguka mpaka metri 32. Moshi wa kweli, kwa sababu ya joto, unakwenda mbio kuliko hesabu hii, lakini kwa kulinganisha bomba na bomba hesabu inatosha.

Wanaotengeneza kolekteri wana kipimo chao cha zamani: bomba linasaidia moteri kuvuta vizuri zaidi pale ambapo mwendo huu wa hesabu unakaribia metri 70 hivi kwa sekunde. Bomba la mm 38 linafika hapo karibu na mizunguko 2.700. Hiyo ni katikati kabisa ya sehemu ambamo 2F inafanya kazi yake. Bomba la mm 45 linafika hapo karibu na 4.000, mahali ambapo moteri hii imeshamaliza nguvu na inapiga kelele tu. Kwa maneno mengine, bomba kubwa limetengenezewa moteri ingine.

Na kuongeza nguvu kidogo hakubadilishi jambo hilo. Pistoni za saizi ya juu kwa mm 1 zinaongeza ujazo kwa asilimia 2 hivi. Kulasi iliyosawazishwa inaongeza mbano, na hiyo inasaidia chini na juu pia. Karburateri mpya na alimaji ya elektroniki zinarekebisha mambo, lakini hazifanyi moteri izunguke mpaka 5.000. Kitu kinachoweza kubadilisha hesabu ni arbre à cames, yaani ule mti unaofungua valvu. Kama huo ungali wa asili, mm 38 inatosha, na kwa moteri ndogo ya F hakuna sababu hata moja ya kuipita. Bomba la chini, baada ya kuungana, likiwa na mm 57 mpaka 60 ni sawa.

Kuko sababu ingine ya huku mashariki. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1.460 juu ya usawa wa bahari, na Goma na Bukavu zimekaa kandokando yake. Kwenye mita 1.500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14, na moteri isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Hakuna kolekteri inayorudisha hiyo. Shofere anayepandisha ngazi za Ngomo kutoka Kamanyola, gari imejaa, anaendesha na vitesi ya pili kwenye mizunguko 2.000 hivi. Anachohitaji ni mvuto wa chini. Akifungiwa bomba la mm 45 atausikia upungufu palepale, hata kama kwenye barabara ya tambarare gari inaonekana kuwa na sauti ya kiume.

Saizi ikishachaguliwa, inabaki sehemu ambayo haionekani kwenye picha za wauzaji: uso wa kolekteri, pale inapokutana na kulasi. Kwenye moteri hii njia ya kuingiza hewa na njia ya kutoa moshi ziko upande mmoja, na buloni kadhaa zinabana vyote viwili kwa wakati mmoja kupitia ronde moja nene. Kama chuma cha kolekteri mpya ni cha mm 8 na kile cha njia ya hewa ni cha mm 12, ronde inakaa mshazari. Upande mmoja unabanwa, mwingine unabaki wazi. Moshi unatoroka huku, au moteri inavuta hewa ya wizi kule, ralanti inatetemeka, na fundi anazunguka na karburateri siku tatu bila kupata ugonjwa. Basi mwenye gari aende na kipimo mkononi mbele ya kulipa. Unene ulingane, na chuma kisipungue mm 8. Mm 10 ni bora. Kile cha mm 5 kitapinda baada ya wiki chache za joto, hata joenti iwe mpya namna gani.

Ile kolekteri ya asili iko tena na kazi nyingine ambayo watu wanaisahau. Inapasha moto chini ya karburateri. Esanse ikifika kwenye chuma cha baridi haigeuki mvuke vizuri, inabaki matone. Kwa mtu wa Uvira, kando ya Tanganyika, hilo si shida kubwa. Kwa mtu wa Lubero au wa milima ya Masisi, ambaye anawasha gari saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu, ni shida ya kila siku: gari itazima mara tatu mbele ya kutoka kiwanjani. Kolekteri nzuri ya mabomba iko na sahani ya chuma inayogusa chini ya njia ya hewa ili joto lipite. Isiyo nayo ni ya bei rahisi, na sababu ni hiyo.

Lakini joto likizidi pia ni hatari. Mabomba membamba yanatupa joto nje kuliko fonti, na yakipita karibu na pampu ya esanse au chombo cha karburateri, esanse inachemka ndani ya tuyo. Kwenye milima inachemka mapema zaidi, kama vile maji ya kupikia yanachemka mbele ya kufika digrii 100. Gari inasimama katikati ya kilima, inakataa kuwaka, na baada ya nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Dawa yake ni bati la aluminiamu kati ya mabomba na karburateri, likiachwa nafasi ya sentimetri moja au mbili ili hewa ipite, na tuyo ya esanse isogezwe mbali. Kuzungushia mabomba kitambaa cha kuzuia joto kunasaidia pia, ila kwenye chuma cha kawaida kitambaa kinashika maji ya mvua na ya mito, na bomba linaoza chini yake bila mtu kuona.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni moshi unaoingia ndani ya gari.

Moshi wa esanse una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni mara 200 hivi, na mtu anaanza na kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Abiria wanafikiri ni uchovu wa safari. Karburateri iliyopangwa kwa hewa ya pwani inamimina esanse nyingi kupita kiasi ikifika mita 1.500, na mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaotoa gesi hii kwa wingi. Weka juu yake gari ya miaka 40: matundu kwenye ukuta wa pedali, mpira wa mkono wa vitesi uliopasuka, bashi la nyuma lililofungwa kwa sababu ya mvua, na watu wanane kwenye viti vya pembeni. Joenti moja inayovuja karibu na miguu ya shofere inatosha kuleta msiba.

Kwa hiyo kazi ya kolekteri haijaisha mpaka uvujaji umepimwa. Asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa, mtu mmoja awashe na mwingine asikilize: sauti ya tik-tik-tik inayopungua kadiri chuma kinavyopata moto ni dalili ya joenti isiyobana. Siku chache baadaye watafute alama nyeusi za masizi kando ya joenti. Matundu ya sakafu yazibwe. Na bomba la mwisho lipite nyuma ya bodi kabisa, lisiishie chini ya gari, kwa sababu gari ikitembea hewa ya nyuma inajikunja na kurudisha moshi ndani ya bashi. Wanaokata silansie ili gari ilie vizuri mara nyingi wanakata na kile kipande cha mwisho. Hilo ni kosa mara mbili, bila kusema majirani.

Wapi kuipata? Kolekteri zilizotengenezwa tayari kwa F na 2F zinauzwa nje, na zinafika huku kupitia Dubai au Kampala kwa yule mwenye subira. Kabla ya kuagiza, aseme wazi kama usukani uko kushoto au kulia, kwa sababu huku mashariki tuko na za namna zote mbili, na bomba linaloweza kupita upande mmoja linaweza kugonga mti wa usukani au kuchoma tuyo ya breki upande mwingine.

Njia ya pili ni sudere wa mtaani, na si njia mbaya kama anajua kazi. Shida kwa kawaida ni chuma anachotumia. Bomba la milango na madirisha ni la mm 1 hivi, litatoboka haraka. Bomba la maji lililopakwa zinki ni hatari kwa sudere mwenyewe: zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka, na mipindo yake mikali inazuia njia. Kinachofaa ni bomba la chuma laini la mm 2, lililopindwa kwa mashine, si kukatwa vipande na kuunganishwa kama miwa. Inokisi inang'aa na haiozi, lakini inapanuka na joto kuliko chuma cha kawaida, na ikisudewa ovyo inapasuka kando ya mshono. Sudere afunge kile chuma cha uso kwenye kulasi ya zamani, au kwenye bamba nene, wakati wa kusuda, kisha akikaguze kwa rula ya chuma kilicho baridi. Taa ikipita chini ya rula, kirudi kwenye mashine.

Na pengine jibu ni kutobadilisha kitu. Kama kulasi haikuguswa na karburateri ni ile ya asili, kolekteri ya mabomba itaongeza kidogo sana, pengine chini ya kile ambacho shofere anaweza kusikia mguuni. Fonti ambayo haijapasuka, ikiwa na bomba la chini lisilokunjwa na silansie isiyoziba, ni heshima tosha kwa gari ya namna hiyo. Hata iliyopasuka inaweza kusudwa kwa elektrodi za nikeli, mradi ipashwe moto yote kwanza na iachwe ipoe polepole ndani ya majivu au mchanga mkavu. Anayeisuda baridi na kuimwagia maji ataiona ikipasuka tena mbele ya kufika nyumbani. Mabomba, kwa upande wao, hayapendi maji ya ghafla: anayevuka mito kila wiki, moteri ikiwa moto, afikiri mara mbili kabla ya kuacha fonti.

Aliyeamua kufunga ya mabomba afunge bomba la chini kwenye bwati ya vitesi kwa kishikio, si kwenye shasi. Moteri na bwati vinatikisika pamoja; shasi inatikisika kivyake, na kolekteri ikivutwa huku na huku inapasuka shingoni. Baada ya kuwasha mara mbili au tatu, buloni zikazwe tena zikiwa baridi, kuanzia katikati kwenda pembeni, na tena baada ya kilometri mia kadhaa.

Halafu kupanga karburateri upya. Moteri inayotoa moshi vizuri inavuta hewa nyingi zaidi, na mchanganyiko unaweza kupungua esanse. Mafundi wanasoma buji: rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi ya masizi ni esanse nyingi, nyeupe ni esanse kidogo na moteri itaungua valvu. Iliyopangwa vizuri Bukavu haina budi kuangaliwa tena kama gari inahamia Uvira, karibu mita 700 chini, ambako hewa ni nzito na buji iliyokuwa kahawia inaweza kugeuka nyeupe.